Wamekubali, Lakini Hawajui Walichokubali: Kutafuta Mtego Ndani ya Huduma ya Kidijitali

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanaosanifu, wanaopima na wanaosimamia huduma za kidijitali, ziwe menyu za USSD (zile zinazofunguka mtu akipiga namba yenye nyota na reli), programu za simu, tovuti za kukatia tiketi au mifumo ya vyama vya akiba na mikopo. Umetokana na kazi ya upimaji ninayoifanya Dodoma, jiji ambalo limepokea watumishi wa wizara waliohamia Mtumba, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wafanyabiashara wa Soko la Ndugai na wakulima wa zabibu wa Hombolo, wote wakitumia huduma zilezile kwa simu zisizofanana hata kidogo. Skrini iliyochorwa kwenye kompyuta pana ndani ya ofisi yenye kiyoyozi huishia mikononi mwa mtu aliyesimama juani kwenye stendi ya Nanenane, akiwa na simu ya kitochi, salio dogo na konda anayemhimiza apande basi. Katika hali hiyo, maneno mawili yaliyopangwa vibaya yanaweza kumtoa fedha mfukoni bila yeye kufahamu.

Jambo tunalolitafuta nitaliita usanifu wa hila, yaani mpangilio wa maneno, rangi, namba au hatua unaomfanya mtu atende jambo ambalo asingelitenda kama angelielewa, au kama njia ya kukataa ingekuwa nyepesi sawa na ya kukubali. Mwingereza Harry Brignull ndiye aliyeanza kukusanya na kuyapa majina mambo haya mwaka 2010, na tangu hapo orodha za aina zake zimekuwa ndefu. Mwongozo uliotolewa na serikali ya India mwaka 2023 peke yake umetaja aina 13. Orodha hizo zina faida, lakini sizipendi zitangulie katika upimaji, kwa sababu mpimaji mwenye orodha mkononi huanza kutafuta majina badala ya kutazama watu. Mimi huanza na dalili, na kipimo changu ni kimoja: pengo kati ya kile mtu alichokusudia kufanya na kile alichoishia kukifanya. Nia ya msanifu siipimi, kwa kuwa haionekani kwenye takwimu na kila msanifu niliyewahi kumuuliza alikuwa na nia njema.

Kwanza, tenganisha mtego na ubovu wa kawaida

Si kila mtu aliyekosea amenaswa. Mtandao huyumba, tafsiri huwa mbovu, na kikao cha USSD, yaani muda ambao menyu hubaki wazi, hukatika mtu akiwa bado anasoma. Ujumbe mmoja wa USSD hauchukui zaidi ya herufi 182, nafasi zikiwemo, na hivyo msanifu mwaminifu kabisa anaweza kuandika sentensi fupi isiyoeleweka kwa sababu tu nafasi imemwishia. Ukimshutumu huyu kwa hila, timu nzima itajifunga na hutapata ushirikiano wake tena.

Njia ninayoitumia kuvitenganisha ni kutazama upande ambao makosa yameangukia. Ubovu wa kawaida hauchagui upande. Menyu ikiwa inachanganya tu, baadhi ya watu watajiunga na huduma wasiyoitaka, na wengine, kwa idadi inayokaribiana, watashindwa kujiunga na huduma waliyoitaka. Tuseme umekusanya makosa 40 ya watumiaji na ukayagawa: yakiwa 22 yamemnufaisha mwenye huduma na 18 yamemnyima, una menyu mbovu inayohitaji kuandikwa upya, yakiwa 37 kwa 3, una mtego, hata kama hakuna mtu aliyekaa kikao kuupanga. Mitego mingi niliyoiona haikupangwa na mtu yeyote. Kila wiki timu ilibakiza toleo lililoleta namba kubwa zaidi, na baada ya miezi kadhaa toleo lililobaki likawa ndilo linalonasa.

Dalili: waliojiunga ni wengi, wanaotumia ni wachache

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo mara nyingi, na kwa bahati mbaya huletwa kwangu ikiwa imevaa nguo ya mafanikio. Grafu ya waliojiunga inapanda kama mlima, ilhali grafu ya waliotumia huduma hata mara moja imelala. Sababu zisizo na hila zipo: huenda huduma ni nzuri kwa jina na dhaifu kwa ndani, au mtu amejiunga akisubiri msimu, kama mkulima wa alizeti wa Singida anayejisajili kupata bei za soko miezi mitatu kabla ya mavuno. Sababu yenye hila ni kwamba mtu hakujua kabisa kuwa amejiunga.

Ili kujua ni ipi kati ya hizo, chagua bila upendeleo watu waliojiunga ndani ya saa 48 zilizopita, uwapigie, na uwaombe wasimulie kwa maneno yao wenyewe walifanya nini siku ile. Usiwaulize kama wanakumbuka kujiunga, kwa sababu swali hilo linabeba jibu ndani yake, na watu wetu kwa heshima hukubali ili wasikuvunje moyo. Sema tu, "Naomba unisimulie, mara ya mwisho ulipoingia kwenye menyu hii ulikuwa unatafuta nini, na mwisho wake ilikuwaje?" Kisha hesabu wangapi wametaja kujiunga bila kuulizwa, wangapi wametaja gharama, na wangapi wametaja jambo jingine kabisa, kama kuangalia salio. Kundi hili la tatu ndilo pengo lako. Likizidi mtu mmoja kati ya kumi, mimi husimamisha upimaji mwingine wote na kurudi kwenye skrini ya kujiunga, ingawa nakiri kwamba kiwango hicho ni uamuzi wangu mwenyewe na timu yako inaweza kuweka kikali zaidi.

Dalili: "Pesa yangu imekatwa na sijui kwa nini"

Mama yangu mdogo anaishi Chamwino. Kwa miezi kadhaa alilalamika kwamba vocha anayoiweka jioni haifiki asubuhi, na sisi watoto tulimwambia kwa uhakika wote kwamba anapiga simu nyingi kuliko anavyokumbuka. Siku nilipokaa na simu yake ndipo nilipoona kwamba alikuwa akikatwa shilingi 150 kila siku kwa ajili ya ujumbe wa ushauri wa afya, jumla ya shilingi 4,500 kwa mwezi wa siku 30. Alikuwa amejiunga kwa kujibu ujumbe uliomuuliza kama angependa kupokea salamu. "Mwanangu, mtu akikuuliza kama unataka salamu, utamjibu hapana?" aliniambia, na sikuwa na la kumjibu.

Malalamiko ya makato yana mizizi mingi na ni vyema kuifuata mmoja baada ya mwingine. Anza na ule usio na hila: tozo halali ambayo haikuelezwa vizuri. Huu hutambulika kwa sababu makato huambatana na tendo ambalo mteja mwenyewe analikumbuka, kwa mfano alituma fedha au alitoa kwa wakala. Mzizi wa pili ni simu inayotumiwa na watu wengi. Mtoto amebonyeza, mzazi amekatwa. Hapa lawama huenda kwenye ukosefu wa hatua ya kuthibitisha, na kisa kinachojulikana zaidi ni cha mchezo wa Fortnite, ambapo mwezi Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuwa kampuni ya Epic Games italipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya tume hiyo kudai kwamba mpangilio wa vitufe uliwafanya wachezaji, watoto wakiwemo, wanunue vitu kwa kubonyeza mara moja tu, hata pale walipokuwa wanajaribu kuuamsha mchezo uliolala.

Mzizi wa tatu ni kifurushi kinachojirudia chenyewe. Kujirudia si dhambi. Wapo wateja wanaokipenda, hasa watumishi ambao hawataki kukatikiwa na bando katikati ya kazi. Kosa hutokea pale kujirudia kunapokuwa ndiyo hali ya mwanzo na mteja anatakiwa ajue mwenyewe pa kuzima kujirudia huko. Mzizi wa nne, ambao mimi nauona mbaya kuliko yote, ni namba moja kubeba maana mbili. Mteja amezoea kwamba 1 ni "endelea" kwa skrini tatu mfululizo, halafu kwenye skrini ya nne 1 inakuwa "jiunge kwa shilingi 500". Kidole kimeshazoea njia, na kitafika kabla ya jicho.

Kutambua mzizi, andika upya safari nzima kutoka kwenye kumbukumbu za mfumo, skrini kwa skrini, na uitazame ile ya mwisho kabla ya makato. Iulize mambo matatu: je, imetaja kiasi, imetaja kama makato yatajirudia, na imetaja namna ya kuyasitisha? Skrini isiyokuwa na mojawapo ya hayo ina kasoro hata kama hakuna aliyelalamika. Kisha angalia muda. Mtu aliyekubali gharama ndani ya sekunde moja na nusu baada ya skrini kufunguka hakuisoma, na kama wengi wamefanya hivyo, basi fedha zilizokusanywa ni za mazoea ya kidole, wala hazikutokana na uamuzi. Marekebisho yake ni rahisi kwa fundi na magumu kwa idara ya mauzo: kila tendo linalogharimu fedha lipewe namba ambayo haikutumika katika skrini zilizotangulia, au liombe namba ya siri.

Dalili: karibu kila mtu ametoa ridhaa

Ripoti inaposema kwamba asilimia 98 ya watumiaji wamekubali taarifa zao zitumike kwa matangazo, mimi huitazama kama daktari anavyotazama joto la nyuzi 40. Binadamu hawakubaliani kiasi hicho kuhusu jambo lolote, sembuse kuhusu kitabu chao cha namba za simu kusomwa na mtu wasiyemjua.

Hapa sheria imeshatangulia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa ahakikishe kuwa mwenye taarifa anafahamu madhumuni ya ukusanyaji kabla haujafanyika. Barani Ulaya, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 1 Oktoba 2019, katika shauri la kampuni ya Planet49, kwamba kisanduku kilichowekwa tiki mapema, ambacho mtumiaji anatakiwa aiondoe kama hataki, si ridhaa halali. Mtu hawezi kusemwa ameridhia kwa sababu tu hakuondoa alama ambayo hakuiweka.

Chanzo cha kwanza cha ridhaa ya namna hii ni kukosekana kwa njia ya kukataa: skrini ina "Nakubali" na ina alama ya kufunga programu, basi. Chanzo cha pili ni kukataa kuwepo lakini kwa wino hafifu, chini ya kiungo kiitwacho "Mipangilio zaidi". Cha tatu ni lugha, na kwetu hiki ndicho kikubwa. Nimekagua huduma ambazo mwaliko wake wote ni kwa Kiswahili kitamu, chenye "karibu" na "hongera", kisha masharti yanakuja kwa Kiingereza cha kisheria cha kurasa kumi na moja. Lugha ikibadilika pale tu ambapo mteja angepaswa kuelewa, iandike kama kasoro ya daraja la juu, hata kama mwenye huduma atakwambia kwamba mwanasheria hakuwa na muda wa kutafsiri. Mwaliko ulipata muda wa kutafsiriwa.

Jaribio ninalolitegemea zaidi hapa ni la kugeuza mpangilio. Nusu ya watumiaji waone "1. Nakubali, 2. Sikubali", na nusu nyingine waone kinyume chake, bila kubadilisha neno jingine lolote. Kama ridhaa ilitokana na watu, asilimia hazitabadilika sana. Zikishuka kutoka 98 hadi 55, basi aliyekuwa anakubali ni namba 1. Katika jaribio kama hilo karibu na Soko la Majengo, mama mmoja muuza karanga alinieleza jambo hilo vizuri kuliko mimi. Nilipomuuliza kwa nini alichagua alichochagua, alisema, "Mwanangu, mimi nilibonyeza moja kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu. Ya chini huwa ni ya kurudi nyuma." Alikuwa sahihi: katika menyu nyingi alizozizoea, ya chini ni ya kurudi nyuma.

Programu za mikopo zinahitaji uangalifu wa pekee. Mtu mwenye shida ya fedha saa nne usiku hataisoma ruhusa ya kufungua kitabu cha namba za simu, na akichelewa kulipa, watakaopigiwa ni shemeji na mwenyekiti wa mtaa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Leseni hata hivyo haitoshi kumpa mpimaji usingizi. Kwa kila ruhusa inayoombwa, zima ruhusa hiyo kwenye simu ya majaribio na uone kama huduma kuu bado inafanya kazi. Inapofanya kazi bila tatizo, ruhusa hiyo haikuhitajika, na ombi lake halina sababu ya kuwepo. Programu ikigoma kuendelea bila kutaja sababu, mwulize msanifu akuonyeshe ni hatua gani ya kiufundi inayohitaji namba ya shemeji.

Dalili: hakuna anayejitoa

Huduma yenye wateja wengi na wanaojitoa wachache sana inaweza kuwa inapendwa. Inaweza pia kuwa haina mlango. Hesabu hatua za kuingia, hesabu hatua za kutoka, na ugawanye za kutoka kwa za kuingia. Uwiano wa moja au chini yake ni mzuri. Ukifika mbili, omba maelezo. Ukifika nne, usihitaji maelezo. Usihesabu mibonyezo pekee. Mlango wa kuingilia ukiwa kwenye simu muda wote, na wa kutokea ukiwa ni kupiga huduma kwa wateja siku za kazi kabla ya saa kumi na moja jioni, mabadiliko hayo ya njia ni kikwazo kuliko mibonyezo kumi. Tume ya Biashara ya Marekani, ilipoishtaki kampuni ya Amazon mwezi Juni 2023, ilieleza kwamba kujitoa kwenye huduma yake ya uanachama wa kulipia, Prime, kulihitaji kupita kurasa nne, mibonyezo sita na machaguo 15, wakati kujiunga kulihitaji mbonyezo mmoja au miwili. Shauri hilo liliishia kwenye makubaliano ya dola bilioni 2.5 mwezi Septemba 2025, na kwangu mimi ndilo uthibitisho kwamba kuhesabu hatua, kazi inayoonekana ya kitoto, ni ushahidi unaosimama mbele ya mahakama.

Kwenye USSD kuna uwezekano wa kukosea, kwa sababu kikao kina muda wake na hukatika. Menyu ya kujitoa iliyozikwa ngazi ya saba huenda haifikiki kwa sababu ya muda tu. Ijaribu mahali penye mtandao imara, kisha mahali penye mtandao hafifu, mfano vijijini kuelekea Bahi. Ikishindikana pote, imefichwa. Ikifaulu mjini na kushindikana kijijini, bado ni mtego kwa wa kijijini, na suluhisho ni lilelile: ipandishwe hadi ngazi ya kwanza au ya pili.

Saa zinazohesabu na bei zinazokua

Hizi sizichelewi. Saa inayosema "ofa inaisha baada ya dakika 9" ifunge, uifungue upya, na uone kama imeanza tena kutoka mwanzo. Ikianza tena, ni uongo na iondolewe. Maneno "zimebaki nafasi 2" yalinganishwe na hifadhidata. Bei ya tiketi iliyoonyeshwa mwanzo ilinganishwe na ya mwisho, na tofauti yote, iitwe ada ya huduma au jina jingine, ipelekwe kwenye skrini ya kwanza. Udanganyifu wa wazi wa namna hii unagusa moja kwa moja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha wateja, na hauhitaji kipimo cha kina.

Dalili: hakuna malalamiko kabisa

Timu nyingi huniambia, "Kama kungekuwa na tatizo, wateja wangelalamika." Natamani ingekuwa hivyo. Watafiti Jamie Luguri na Lior Strahilevitz walichapisha mwaka 2021 majaribio waliyowafanyia Wamarekani, wakiwapa mpango wa kulipia usio na maana sana kwao. Waliowekewa skrini ya kawaida walikubali kwa asilimia 11.3. Waliowekewa hila nyepesi walikubali kwa asilimia 25.8, na waliowekewa hila kali kwa asilimia 41.9. Jambo la kutazama ni kwamba hila kali iliwakasirisha watu, ila ile nyepesi, iliyozidisha waliokubali kwa zaidi ya mara mbili, haikuzua hasira ya maana. Tena wenye elimu ndogo ndio waliokuwa rahisi zaidi kunaswa na hila nyepesi.

Maana yake kwa mpimaji ni kwamba daftari la malalamiko linaona hila kali peke yake. Aliyenaswa kwa ustadi hana cha kulalamikia, kwa sababu anadhani kosa ni lake, kama tulivyomwaminisha mama yangu mdogo kwamba kosa ni lake. Badala ya kusubiri malalamiko, tafuta ishara za kimya: watu wanaobadilisha laini ya simu muda mfupi baada ya kujiunga, wanaoweka vocha ya kiasi kidogo kidogo kilekile kinachotosha tendo moja tu ili kisibaki cha kukatwa, wanaotoa fedha zote kwa wakala dakika chache baada ya kuingia. Hawa wameshajua kuna kitu kinawala, wamejitafutia kinga, na hawakuwahi kupiga namba ya huduma kwa wateja hata siku moja.

Wangapi wapimwe, na akina nani

Yapo mazoea ya kujaribu huduma kwa watu watano, na kwa kutafuta ubovu wa kawaida idadi hiyo inafaa. Kwa kupima hatari haifai. Ukijaribu watu watano na asinaswe hata mmoja, kitakwimu bado inawezekana kwamba karibu asilimia 45 ya wateja wako wangenaswa. Waliopimwa wakifika 30 au zaidi, kanuni rahisi ya kukumbuka ni kugawanya 3 kwa idadi ya uliowapima: watu 30 bila hata mmoja kunaswa maana yake kiwango halisi kinaweza kuwa hadi asilimia 10, watu 300, hadi asilimia 1. Huduma yenye wateja laki mbili na kiwango cha asilimia 10 inakuwa imenasa watu elfu ishirini, idadi ya kujaza uwanja wa mpira.

Na usiwachukue wote kutoka chuoni kwa sababu wako karibu na wanakubali soda. Nenda sokoni, nenda stendi, na ukienda kijijini pita kwanza kwa mtendaji, kisha usalimie kwa Kigogo, "mbukwenyi", kabla ya kutoa simu. Waache watumie simu zao wenyewe, wakiwa juani, wakiwa na haraka zao. Mpimaji anayewakalisha watu kwenye viti kivulini anapima huduma ambayo hakuna anayeitumia.

Kuupa mtego uzito

Ukishaupata, usiupe alama ya wastani. Wastani huchukua kisanduku chenye tiki isiyo na madhara na programu inayosoma namba za ndugu, huvichanganya, na kutoa jibu la "hatari ya kati" ambalo halimsaidii yeyote. Mimi hutoa alama kwa maswali matatu, yaani madhara yakilinganishwa na kipato cha anayepata madhara hayo, kama yanaweza kurudishwa nyuma, na kama aliyeumizwa anaweza kugundua mwenyewe, kisha huchukua alama ya juu kuliko zote kuwa ndiyo alama ya mtego. Shilingi 150 kwa siku ni kidogo kwa mkurugenzi, ni mboga kwa mama yangu mdogo. Fedha inaweza kurudishwa. Orodha ya namba za simu ikishatoka haina kurudi.

Tarajia ubishi. Hoja ya kwanza itakuwa kwamba kila mtu anafanya hivyo, na kwa kiasi fulani ni kweli: watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza tovuti za mauzo zipatazo 11,000 mwaka 2019 na wakakuta mifano 1,818 ya usanifu wa hila. Hoja ya pili, kwamba wateja wanaipenda huduma, haijibiwi kwa maneno. Tengeneza toleo lisiloegemea upande wowote, lionyeshe kwa sehemu ya wateja kwa wiki mbili, na tofauti kati ya matoleo mawili iandikwe kwa shilingi kwenye ripoti. Hizo ndizo fedha ambazo wateja wasingezitoa kama wangeulizwa vizuri.

Baada ya marekebisho

Idadi ya waliojiunga itashuka, na mtu atataka kurudisha skrini ya zamani. Kabla ya kuachia toleo jipya, mweleze meneja kwa maandishi kiasi kinachotarajiwa kushuka, ili kisije kikaonekana ajali. Ridhaa zilizokusanywa kwa skrini yenye kasoro ziombwe upya, na wasiojibu wahesabiwe kuwa wamekataa.

Waliokatwa bila kujua warudishiwe fedha zao moja kwa moja kwenye salio au akaunti ileile iliyokatwa, bila kutakiwa kujaza fomu, kwa kuwa asiyejua kwamba alikatwa hawezi kuomba kurudishiwa. Ujumbe wa kuwajulisha uandikwe kwa uangalifu mkubwa, maana nchi hii imeshachoshwa na jumbe za "ile pesa tuma kwenye namba hii", na mteja mwenye akili timamu atauona wako kuwa ni utapeli. Utaje kiasi kilichorudi, jina la huduma na tarehe za makato, useme kwamba fedha imeshaingia, na usimtake abonyeze, ajibu wala apige namba yoyote.